Amana ya Barua za Wengine

Biashara ya kuhifadhi tovuti na barua pepe humpa mteja nafasi katika seva, jina la kikoa na visanduku kadhaa vya barua, naye hulipa ada kwa mwezi au kwa mwaka. Mteja anapofungua kivinjari cha simu yake, akaandika nenosiri na kuzikuta barua zake zimepangwa, anatazama kazi ya programu ambayo hakuichagua. Aliyeichagua ni mwenye seva. Mteja hajui programu hiyo imeandikwa na nani, ina matundu gani, wala inarekebishwa mara ngapi, na kwa kawaida hana elimu ya kuyachunguza hayo hata akiruhusiwa. Siri zake zinakaa mahali alipopangiwa na mtu mwingine. Ndiyo maana uchaguzi huu, unaoonekana kuwa wa mafundi peke yao, umebeba swali la zamani la maadili: anayekubali kushika kitu ambacho mwenyewe hawezi kukilinda, anadaiwa nini?

Swali hilo lina uzito wake mahali kama Base ya Kamina, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Base hiyo ilijengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nje ya mji wa reli wa Kamina, ambao tangu mgawanyo wa mikoa wa 2015 ni makao makuu ya Haut-Lomami. Mwaka 1960 iliingia mikononi mwa Umoja wa Mataifa. Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walitua hapo kabla ya kupelekwa Stanleyville, Kisangani ya leo. Hadi sasa ni kambi ya jeshi, na watu wa kambi ni watu wa kuhamishwa: leo Kamina, kesho Kivu, na wazazi wamebaki Kasai au Équateur. Mjini kwenyewe hukutana njia za reli za kutoka Lubumbashi, Ilebo na Kabalo, kwa hiyo hata raia wengi wana ndugu walio mwisho wa njia fulani. Watu wanaoishi hivi hutuma mbali mambo ambayo wengine huambiana ukumbini. Kisanduku kimoja cha barua huweza kuwa na cheti cha shule cha mtoto, majibu ya hospitali, mazungumzo ya mahari, deni lisilotakiwa kujulikana na majirani. Wengi hutumia Gmail, na hao hawahusiki sana hapa. Wanaohusika ni shule, zahanati, parokia au duka lililotaka anwani yenye jina lake lenyewe, likamwendea fundi wa karibu mwenye seva.

Inafaa kutazama kwa karibu ni nini hasa fundi huyo anakishika. Seva nyingi huhifadhi barua kwa mpangilio uitwao Maildir, uliobuniwa na Daniel J. Bernstein miaka ya 1990. Kila barua ni faili moja. Kila kisanduku kina folda tatu: tmp, ambamo barua inayoingia huandikwa, new, ambamo hungoja, na cur, ambamo hukaa baada ya kuonekana. Mwenyewe akiisha kuisoma barua, herufi S huongezwa mwishoni mwa jina la faili, na ndiyo inayoiambia programu iache kuionyesha kwa maandishi mazito. Lakini msimamizi wa seva hana haja ya kupita mlangoni. Anaweza kuifungua faili hiyo moja kwa moja kwenye diski kwa amri ya neno moja, akaisoma mwanzo hadi mwisho, na herufi S isiongezeke. Barua itabaki na maandishi mazito. Mwenyewe ataifungua jioni akidhani yeye ni wa kwanza.

Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anamweka Glaucon asimulie habari za mchungaji wa Lydia aliyeokota pete yenye uwezo wa kumfanya asionekane, akaitumia kutwaa mke wa mfalme na ufalme wenyewe. Swali la Glaucon ni kama kuna mtu yeyote ambaye angeivaa pete hiyo na bado akaacha cha mwenzake. Kwa karne nyingi hadithi hiyo ilikuwa zoezi la fikra tu. Msimamizi wa seva ameivaa kweli, tena bila kuiokota: amekabidhiwa pamoja na kazi. Hii ni hali mpya katika maisha ya maadili na inastahili kuchukuliwa kwa uzito wote. Tarishi wa zamani aliyetaka kusoma barua alilazimika kuvunja lakiri au kuifukizia mvuke bahasha, na mkono wake uliacha alama. Hapa alama haipo, na kinachobaki ni dhamiri ya mtu mmoja mbele ya kioo usiku.

Mapokeo kadhaa yanayokutana katika nchi hii yameifikiria hali iliyo karibu sana na hiyo. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya 1804 ina kifungu, cha 1931, kinachomhusu mtu aliyewekewa kitu ndani ya sanduku lililofungwa au bahasha yenye lakiri: asitafute kujua kilichomo. Kifungu hakisemi tu asichukue wala asiharibu. Kinakataza udadisi wenyewe. Sheria ya mikataba ya Kongo, dikrii ya tarehe 30 Julai 1888, ni mtoto wa mapokeo hayo hayo ya Napoleon. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya barua na mawasiliano yake, isivunjwe ila pale sheria inaporuhusu.

Fikihi ya Kiislamu inakwenda mbali zaidi, kwa sababu inaanza kabla ya kitu kupokewa. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani ya Waswahili na kuingia Kongo ya mashariki pamoja na misafara ya karne ya 19, kitabu kilichofundishwa kwa vizazi ni Minhaj al-Talibin cha Imam al-Nawawi, mwanachuoni wa Syria aliyefariki 1277. Mlango wake wa amana unawagawa watu watatu. Asiyeweza kuihifadhi amana, kuipokea ni haramu kwake. Anayeweza lakini hana imani na uaminifu wake mwenyewe, kuipokea ni makuruhu. Anayeweza na anayejiamini, inapendekezwa apokee. Mgawanyo huu ni wa maana sana kwa jambo lililo mbele yetu, maana unaweka uwezo sawia na uaminifu. Fundi mwenye moyo safi asiyejua kurekebisha seva yake hatolewi lawamani na moyo wake. Amepokea asichoweza kukishika.

Upande wa Waluba, ambao nchi ya asili ya ufalme wao imo humo Haut-Lomami, kulikuwa na chama cha Mbudye, watunzaji wa kumbukumbu za ufalme. Kumbukumbu hizo ziliwekwa kwenye lukasa, ubao wa mbao unaoshikika mkononi, uliopambwa kwa shanga na simbi. Nasaba za wafalme, safari za mababu, mpangilio wa baraza: yote yalikuwa pale mbele ya macho ya kila mtu, lakini aliyeweza kuyasoma ni mwanachama aliyepanda daraja kwa mafunzo marefu. Uwezo wa kusoma haukutengana na malezi ya msomaji. Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Flanders aliyefika Kongo 1933 na kuishi miongoni mwa Waluba, alidai katika kitabu chake cha 1945 kwamba kwao kuwapo ni nguvu, na kwamba nguvu ya mtu huongezwa au hupunguzwa na wengine walio karibu naye. Wanafalsafa wa Kiafrika, Paulin Hountondji akiwa mmojawapo, walimkosoa kwa haki kwa kuwabebesha watu wote wa kabila fikra moja isiyo na mwandishi. Hata hivyo hoja moja inaweza kusimama bila kudai kuwa ni ya Waluba wote: anayejua siri ya mtu ana uwezo juu yake hata kama hajawahi kuitumia, kwa maana mwenye siri, siku atakapogundua, hatatembea tena mbele yake kama zamani.

Kutoka hapo hufuata kanuni moja inayoweza kuongoza uchaguzi wote: programu njema ni ile inayopunguza uwezo wa mwenye seva juu ya barua na kuongeza uwezo wa mwenye barua juu ya barua zake. Sura ya ukurasa, rangi na nembo ni mambo ya pembeni.

Programu za kusomea barua kwenye kivinjari zilizopo mezani si nyingi. SquirrelMail ilianza 1999, na sifa yake kubwa ni wepesi: kurasa zake hufunguka bila JavaScript, jambo linalopendeza sana mahali ambapo mteja ananunua mega kwa siku na mtandao unasuasua. Lakini toleo lake thabiti la mwisho, 1.4.22, ni la 2011. Kumpa mteja programu hiyo leo kwa hoja kwamba inamwokolea mega ni kumwokolea senti na kumwachia mlango wazi. Horde, ya tangu 1998, ina kalenda na mambo mengi, ila mwendo wa marekebisho yake ulipungua, na mwaka 2022 tundu lake kubwa lilitangazwa hadharani likiwa halijazibwa. Mwaka huo huo RainLoop, nyepesi na yenye sura nzuri, iligunduliwa kuwa na tundu ambalo watunzaji wake hawakulijibu kwa wakati. Waliolichukua jukumu ni waandishi wa SnappyMail, tawi lililochipuka kwenye msimbo wake. cPanel, programu ya kusimamia seva inayotumiwa na biashara nyingi za namna hii, iliiondoa SquirrelMail, baadaye Horde, ikabakisha Roundcube.

Roundcube ndiyo inayoelekea kuchaguliwa na wengi, na kwa sababu nzuri. Iko chini ya leseni huria ya GPL, ina lugha nyingi kikiwamo Kifaransa cha ofisi za Kongo, na tangu toleo la 1.4 la Novemba 2019 sura yake iitwayo Elastic inajinyoosha vizuri kwenye simu, ambako watu wengi husomea barua. Novemba 2023 ilijiunga na Nextcloud, hivyo ina nyumba. Lakini haijasalimika na matundu. Oktoba 2023 watafiti wa kampuni ya ESET walieleza jinsi kundi liitwalo Winter Vivern lilivyoishambulia: msimbo ulifichwa ndani ya barua, na ilitosha mhusika aifungue tu barua hiyo kwa barua zake kuanza kunakiliwa kwenda nje. Hakubofya kiungo chochote, hakupakua faili. Juni 2025 likatangazwa tundu jingine ambalo lilikuwa limekaa katika msimbo kwa zaidi ya miaka kumi. Mara zote mbili marekebisho yalitoka upesi. Swali likarudi kwa wenye seva: nani aliyaweka, na baada ya siku ngapi?

Hapo ndipo mgawanyo wa al-Nawawi unapobana. Kuchagua Roundcube hakumalizi wajibu. Ni kujifunga kuifuata, kusoma matangazo yake, kuweka toleo jipya hata Jumapili usiku. Fundi wa Kamina ambaye umeme unamkatikia na mtandao unampotea anapaswa kujiuliza kama kweli anaweza hayo. Asipoweza, njia ya haki ni kukataa kushika barua, akabaki na tovuti, na kuwaelekeza wateja kwingine. Hasara ya biashara ipo, ila ndogo kuliko hasara ya mwalimu ambaye barua zake zimenakiliwa. Kishawishi kibaya kuliko vyote ni programu za kulipiwa zilizovunjwa leseni, zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Aliyezivunja angeweza kupenyeza humo chochote, na anayezitumia hawezi kujua. Wizi wa leseni ni dhambi moja. Kuwaweka watu wengine juu ya kitu kisichojulikana kimepitia mikono gani ni nyingine, tena nzito zaidi.

Mahali seva ilipo nalo ni suala la amana. Wenye biashara wengi hukodi mashine Ulaya au Marekani, kwa sababu umeme na mtandao wa huko ni wa uhakika. Kifundi ni busara. Lakini fikihi ile ile ya Shafii inasema aliyewekewa amana akimpa mtu mwingine aishike, bila idhini ya mwenyewe na bila udhuru, ameibeba hasara yoyote itakayotokea. Si kwamba kukodi ni kosa. Kosa ni kukodi kimya. Mkuu wa shule ana haki ya kuambiwa, kwa Kiswahili au Kifaransa anachokielewa, kwamba barua za walimu wake zinalala Frankfurt na si Kamina, na kwamba sheria ya huko nayo ina sauti juu yake.

Halafu kuna haki ya kuondoka. Mwaka 1986 Mark Crispin, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, alibuni itifaki ya IMAP, inayoiwezesha programu yoyote kusoma kisanduku chochote kilichoko kwenye seva yoyote inayoifuata. POP, iliyotangulia kidogo, huzishusha barua hadi kwenye mashine ya mtu. Roundcube na nyinginezo ni dirisha tu juu ya IMAP. Barua hazimo ndani yake. Biashara inayofungua ukurasa wa wavuti na kuizima IMAP kwa wateja, ili wasiweze kuhama na barua zao, imegeuza amana kuwa rehani. Kwa watu wa base hili ni jambo la kila siku: askari akihamishwa, zahanati ikifungwa, barua lazima ziweze kufuata. Na pale mtandao unapokatika kwa siku nzima, barua zilizokwisha kushushwa kwenye kompyuta ndizo zinazosomeka. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini Kongo kwa takriban wiki tatu. Aliyetegemea ukurasa wa wavuti peke yake alibaki bila hata nambari za simu zilizokuwa ndani ya barua zake.

Karibu na kambi ya jeshi, shinikizo la kutoa barua linaweza kutoka kwa mtu mwenye nyota mabegani. Sheria haikuacha jambo hili wazi: pamoja na kifungu cha 31 cha Katiba, kuna sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 na sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Amri halali hutoka kwa mamlaka iliyotajwa na sheria, kwa maandishi. Ombi la mdomo la mtu mwenye cheo halimo humo. Lakini kujua sheria na kuisimamia mbele ya afande ni mambo mawili, na si haki kuijenga siri ya watu juu ya ushujaa wa fundi mmoja mwenye watoto. Programu inaweza kumsaidia: seva inayoandika kumbukumbu ya kila aliyeingia, na kuipeleka nakala mahali ambapo fundi hawezi kuifuta, humpa neno la kujibu, kwamba akifungua itajulikana. Kwa sababu hiyo hiyo barua za kazi za jeshi zisipokelewe kabisa na biashara ya kiraia. Kwa mgawanyo ule wa watu watatu, huo ni mzigo wa yule wa kwanza.

Kuna njia inayokaribia kumvua fundi pete ile ya Lydia. Dovecot, seva ya IMAP inayotumika sana, inaweza kuzifunga barua kwa ufunguo unaotegemea nenosiri la mwenyewe, hivi kwamba faili zilizomo kwenye diski hazisomeki na yeyote mwingine. Ila mteja akisahau nenosiri, barua zake zimekwenda, na hakuna atakayezirudisha. Hapa wajibu mbili zinagongana: kuficha na kuhifadhi. Mama aliyeweka humo majibu ya hospitali ya mtoto wake huenda akaogopa kuyapoteza kuliko kuonekana. Mwandishi wa habari ataogopa kinyume chake. Hakuna kanuni inayowafaa wote wawili, na mwenye seva hana haki ya kuwaamulia. Anachoweza ni kuwaeleza mambo yote mawili kabla hawajaandika nenosiri la kwanza, bila kuyafunika kwa maneno ya kifundi, na kuwaachia wachague.

Mgongano huo hutokea kwa ukali zaidi mtu anapofariki. Al-Nawawi na sheria ya Ufaransa wanakubaliana kwamba mwenye amana akifa, kilicho chake hurudi kwa warithi wake. Kwa fedha au hati hilo linatosha. Kwa barua halitoshi, kwani kila barua iliyopokelewa ina siri ya aliyeituma, naye yu hai na hakuwahi kuwaandikia warithi. Kaka wa marehemu akikabidhiwa kisanduku chote, anapewa pia maungamo ya rafiki, deni la jirani, machozi ya dada aliyeomba jambo lake lisisemwe. Njia yenye heshima kwa pande zote ni kutenganisha: mkataba wa siku ya kwanza umuulize mteja ni nani atakayekuja badala yake, na ni folda ipi anayoruhusu ifunguliwe, kwa mfano ile ya vyeti na malipo, zingine zifutwe baada ya muda uliotajwa. Aliyechagua ufunguo wa nenosiri lake aambiwe wazi kwamba swali hili kwake limeshajibiwa.

Kifo cha mwenye seva mwenyewe kinasahaulika kuliko vyote, ingawa biashara nyingi ndogo zimo kichwani mwa mtu mmoja. Minhaj inamtaka mshika amana aliyeshikwa na maradhi ya kuhofia airudishe kwa mwenyewe au wakili wake. Asipowapata, kwa hakimu au mtu mwaminifu, au aiusie. Asipofanya hata hilo, anadaiwa. Kwa seva ya Kamina maana yake ni bahasha yenye nywila za seva na za msajili wa kikoa iliyowekwa kwa mtu anayejulikana, orodha ya wateja na anwani zao, na maagizo ya jinsi kila mmoja atakavyopewa nakala ya barua zake kwa IMAP kabla ada ya mashine haijakatika na diski kufutwa na kampuni ya mbali isiyowajua.